Betri Inayoangalia Tu

12 Juni

Baba, shikamoo.

Mlango wa yule mama wa duka la dawa bado uko vilevile ulivyouacha, bawaba moja imeshika, nyingine bado. Sijaugusa. Na siku ile ulipodondoka nilizima mashine ya kuchomelea kwanza ndo nikakuwahi, usije ukaniona mkatili. Ulikuwa umeulalia waya wake wa umeme.

Unaendeleaje huko hospitali? Mama hajambo, ila anafagia karakana kila saa, hata uchafu wenyewe hamna.

Dada kasema umewagomea madaktari. Eti wewe si gari, uwekewe betri kwenye moyo. Baba, kwenye simu maneno yananikwama, unanijua, ndo maana naandika. Nimekuangalia muda mrefu. Ukipanda ngazi unasimama katikati, unajifanya unatafuta kitu mfukoni. Mfukoni hamna kitu. Kubali tu.

Mwanao

15 Juni

Bwana Kimya,

Marahaba. Kumbe unaongea! Mimi nipo, chakula chao hakina chumvi na kitanda kinalia kama geti bovu.

Kugoma nimegoma, ila si kwa kuogopa kisu. Daktari kanieleza vizuri. Kuna watu moyo unawaenda mbio ovyo ovyo, hao betri peke yake haiwatoshi, wana dawa zao. Wangu unakwenda taratibu, halafu unasinzia. Ndo unaponiangusha. Huo, kasema, betri inauweza.

Shida ilikuja nilipomuuliza kuhusu kuchomelea. Kasema umeme wa mashine yetu unaweza kuichanganya hiyo betri, nikae nao mbali. Sasa fundi asiyechomelea ni fundi gani? Na karakana namwachia nani? Wewe mteja akiingia unajificha nyuma ya mabati. Bora nirudi hivi hivi.

Baba yako

18 Juni

Baba, shikamoo. Umeamkaje huko?

Mabati nimeyahamisha. Sina tena pa kujificha.

Mama wa duka la dawa alikuja. Kauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikaangalia viatu vyake. Kauliza tena. Nikasema, "Fundi ndo mimi. Mzee anatengenezwa." Akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Bawaba ya pili nimeichomelea, haijapinda.

Ila akaanza habari za rangi, mara ya maziwa, mara ya udongo, nikarudi kwenye mashine. Hayo ni yako. Ukirudi kaa hapo mbele, pima, chora, bishana na wateja. Mdomo wako hauhitaji betri, haujawahi kusimama. Moto niachie mimi.

Usirudi hivi hivi, Baba. Nakuomba.

Mwanao

2 Julai

Bwana Kimya,

Marahaba. Imo.

Imekaa chini ya bega la kushoto, kadogo kama kiberiti. Mkono huo bado sijaruhusiwa kuunyanyua juu, kwa hiyo dada yako ananivalisha shati kama mtoto, na ananisema vilevile.

Nilimuuliza daktari, hii kitu inapiga muda wote? Kasema hapana, inauangalia moyo tu. Ukienda sawa, inanyamaza. Ukichelewa, ndo inaustua. Nikamwambia nyumbani ninayo nyingine ya aina hiyo, tena hiyo inakula sana.

Jana nimepanda ngazi mpaka juu. Mfukoni sijatafuta kitu. Kesho kutwa nakuja.

Baba yako

4 Julai

Baba, shikamoo, na karibu nyumbani.

Barua hii nimekuwekea kwenye kiti chako ili uikute. Usikisogeze, nimekiweka mbali na mashine makusudi. Dada kaniambia umbali alioutaja daktari. Penseli iko juu ya meza. Kuna mtu wa madirisha atapita, mkali, utampenda.

Nilitaka unikute mlangoni. Lakini mama wa duka la dawa kamleta mwenzake anayetaka geti kubwa, na hakumuulizia mzee. Kaniulizia mimi. Nimechukua futi yako ya kupimia. Naondoka sasa hivi, maana huyo wa geti yuko nje ananisubiri, na nimeshamwambia mimi mwenyewe, kwa sauti, twende.

Mwanao