Mara Saba Hayupo

4 Julai

Kwa binti yangu mpenzi,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya nyumba unayolala. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru aliyetupa uzima huo bila sisi kuustahili. Mama yako ni mzima kuliko mimi: jana alipanda ngazi kubadilisha taa ya sebuleni, nami kazi yangu ikawa kushika ngazi na kusoma dua. Tunatumaini lile koo lililokuwa likikusumbua limepona.

Baada ya salamu, nina jambo. Tangu nilipoacha kufundisha chuo cha msikiti, kila Jumanne na Alhamisi huenda maktaba ya mji kusoma Hansadi, zile taarifa rasmi za Bunge lenu. Mtunza maktaba, yule tunayemwita Bi Miwani, hunitolea majalada na kuniwekea karibu na dirisha. Nilianza kwa fahari ya mzazi tu, nikitaka kuona jina lako limechapwa. Kisha nikachukua daftari. Kila ilipopigwa kura ya kuitwa majina, nimeandika ulivyojibu. Kwa miaka mitatu umeitwa mara arobaini na sita. Mara thelathini na tisa ulijibu sawasawa na chama chako. Kinyume nacho hukujibu hata mara moja. Na mara saba imeandikwa: Hayupo.

Hizo saba zimeninyima raha. Nilidhani uliumwa ukatuficha. Nimezitoa barua zako za zamani nikalinganisha tarehe. Siku ya tatu kati ya hizo saba ulituandikia kwamba umekula ukashiba, na jioni umetembea bustanini. Mwanangu, ulikuwa wapi?

Nauliza kwa sababu redio imetangaza kwamba Muswada wa Kuunganisha Huduma za Uzazi utaletwa kwenu Agosti. Ukipita, nyumba ya uzazi ya hapa mjini, ambamo mama yako alizalisha kwa miaka thelathini na mmoja, itafungwa, na wajawazito watapelekwa hospitali kuu, mwendo wa saa mbili kwa gari. Nilimsomea mama yako habari hiyo akiwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie bintiyo, mtoto hangoji gari."

Mungu akuhifadhi.
Baba yako


12 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mama pia shikamoo. Mwambie nimesema taa zibadilishwe na fundi. Koo limepona, namshukuru Mungu. Kazi ni nyingi na usingizi ni mchache, lakini sina cha kulalamikia.

Niliposoma barua yako nilicheka, kisha nikafunga mlango wa ofisi nikaisoma tena. Baba, sikuumwa hata siku moja katika hizo saba.

Chama kina mnadhimu, mbunge mwenzetu aliyepewa kazi ya kuhakikisha sote tunapiga kura ya aina moja. Ni mtu mcheshi, hapendi ugomvi. Kabla ya kura hupita kwenye viti, huinama sikioni na kuuliza, "Dada, leo tuko pamoja?" Ukiitikia, anakugusa bega. Ukisita, anasema kwa upole, "Basi nenda kapumzike kidogo, ukirudi tutakuwa tumemaliza." Asiyeweza kukubali huenda kupumzika, na hakuna anayemuuliza. Mimi hukaa kwenye gari langu, nimepandisha vioo. Kwangu mimi kila Hayupo ni Siyo.

Usidhani nakidharau chama. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, sijulikani na mtu, nacho ndicho kilichonisimamisha mbele ya watu kikasema mchagueni huyu. Na mara nyingi kina haki. Vitabu vya shule, barabara ya sokoni, vyote nilivipigia kura kwa moyo mweupe. Lakini anayekipinga hadharani huondolewa kwenye orodha ya wagombea, na habari yake inaishia hapo.

Muswada huu siutaki. Mimi mwenyewe nimezaliwa katika nyumba hiyo. Ila niko peke yangu, baba, na sauti moja haiangushi muswada. Siku hiyo nitakuwa garini. Naomba mnisamehe mapema.

Binti yako


20 Julai

Kwa binti yangu,

Amani iwe nawe, na Mola akupe afya ya mwili na utulivu wa moyo. Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara moja, mama yako mara mbili. Alipomaliza alisema neno moja tu, "Garini?", akaenda kufua.

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kukujibu, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la ukali.

Walimu walionisomesha walitufundisha jinsi wanazuoni wa kale walivyowapima wapokezi wa hadithi za Mtume. Hawakutazama maneno ya mtu peke yake. Walitazama alikuwa na nani, mahali gani, siku gani, na ni nani mwingine aliyekuwepo au kukosekana. Nikaona niipime Hansadi kwa mizani hiyo. Bi Miwani alinisaidia. Tulitandaza majalada yote saba juu ya meza mbili, tukaandika kila mbunge wa chama chako aliyeitwa akakosekana. Waliokosekana siku moja au mbili tumewaacha, huenda waliumwa kweli. Lakini wako kumi na sita, mbali nawe, ambao hawakuwepo siku zote saba, na siku nyingine hawakosekani kamwe. Maradhi hayana ratiba ya namna hiyo. Majina yao nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Wao hukaa katika magari gani, hilo sijui.

Kisha nikapiga hesabu. Chama chako kina wabunge mia moja na ishirini na sita. Wapinzani ni mia moja na wanne, na wote wametangaza kuukataa Muswada. Mkitoka nje ninyi kumi na saba, watakaosema Ndiyo ni mia moja na tisa, nao wanatosha. Kwa hiyo usiniambie kwamba Hayupo ni Siyo. Hayupo yako inaupitisha Muswada, na mikono yako inabaki safi kwa kuitazama tu.

Nayasema haya si kwa sababu mimi ni bora. Ulipokuwa na miaka kumi, darasa la wasichana la chuo chetu lilifungwa. Uliniuliza kwa nini, nikakujibu kwamba kamati ya msikiti imeamua. Nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Siku ya uamuzi nilituma ujumbe kwamba mgongo unaniuma. Mgongo haukuuma. Rafiki zangu walitaka darasa lifungwe, nami sikutaka kuwapinga, wala sikutaka kuhesabiwa pamoja nao. Lilifungwa kwa tofauti ya kura moja. Mama yako alijua, na hakusema nami siku tisa. Nimetubu kwa Mola miaka mingi, lakini wewe uliyekosa darasa sijawahi kukuomba radhi. Naomba radhi sasa.

Sikuamrishi cha kusema, kwa kuwa kiapo ni chako. Nakuomba kitu kimoja: uwepo.

Baba yako


13 Agosti

Mwanangu,

Salamu na dua. Tu wazima. Siku ishirini na nne zimepita bila barua, na simu yako inaita bila kupokelewa. Kura ni kesho kutwa.

Mama yako ameanza kwenda nyumba ya uzazi kila asubuhi kukunja shuka na wakunga, ingawa alistaafu. Anasema akibaki nyumbani atanigombeza kwa kosa ambalo si langu. Wajawazito wanamuuliza, "Bibi, binti yako atasemaje?" Huwajibu, "Lala kwa ubavu, upumue."

Ikiwa nimekuumiza kwa maneno yangu, nihesabu kuwa mzee aliyechelewa kusema. Lolote utakalofanya, mlango wa nyumba hii ni wako.

Baba yako


17 Agosti

Baba yangu, na mama yangu,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nimelala nikaamka jua limetoka.

Matokeo mmekwisha kuyasikia redioni, na mama amenipigia simu akacheka mpaka salio likaisha. Nilinyamaza kwa sababu kazi uliyonipa, baba, haikuwa ya kuzungumziwa kwenye simu. Niliichukua karatasi yako nikaanza kuwafuata mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mbunge mzee, zamani fundi seremala, asiyezungumza ila akiulizwa. Alisoma majina, akavua kofia. "Mimi hujifungia chooni," akasema. "Miaka mitatu nadhani niko peke yangu." Wa pili, daktari wa meno, huenda zahanati ya Bunge kupimwa presha. Ana vyeti saba, baba, na vyote vinasema ni mzima kabisa. Mwingine husimama nyuma ya jengo akijifanya anaongea na simu. "Naongea na nani?" akacheka. "Simu yenyewe naizima." Kila niliyemwonyesha orodha aliisoma mara mbili, kisha akauliza swali lilelile: nani kaiandika?

Siku ya kura mnadhimu akaja, akainama.

"Dada, leo tuko pamoja?"

"Leo nipo."

"Sikukuuliza hivyo."

"Hilo ndilo jibu nililo nalo, kaka."

"Nenda kapumzike kidogo."

"Sijachoka."

Hakunigusa bega. Akaenda kwa seremala, nako nikasikia, "Mzee, vipi?" na mzee akimjibu, "Choo kimejaa." Hapo nusura nicheke mbele ya Spika.

Karani akaanza kuita. Jina langu lilitangulia yao. Nilisimama nikasema Siyo. Sauti haikutetemeka, na namshukuru Mungu kwa hilo. Upande wa pili wakagonga meza. Seremala akasema Siyo yake kama anayepigilia msumari. Daktari akafuata. Watatu kati yetu walitoka dakika ya mwisho. Siwalaumu, maana njia waliyoipita naijua. Tuliobaki kumi na wanne tukasema. Spika alisoma: Ndiyo mia moja na tisa, Siyo mia moja na kumi na nane. Muswada umeanguka. Mwanamke mmoja kwenye roshani ya wageni alilia kwa sauti, na askari wa Bunge akajifanya hasikii.

Mnadhimu alinisubiri mlangoni. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Nilijua kila mmoja wenu anakokaa," akasema. "Choo, gari, zahanati. Kazi yangu yote ilikuwa msijuane. Nani amewajulisha?"

"Baba yangu na mtunza maktaba."

"Basi tumeshindwa na watu wanaosoma," akasema, akaenda zake.

Jana kamati ya nidhamu ilituita. Kutufukuza hawawezi: tukihesabiwa nje, chama kinabaki na mia moja na kumi na wawili, sisi tunabaki wabunge upande wa pili, na kura inayofuata wanaipoteza. Tumepewa onyo kwa maandishi na kuhamishiwa viti vya nyuma. Huko nyuma tumekaa safu moja, wote kumi na wanne, na seremala anagawa pipi.

Kuhusu darasa, nilikusamehe kabla sijaifikia nukta ya sentensi ile.

Binti yako


2 Septemba

Kwa binti yangu, Mheshimiwa wangu,

Amani na rehema zikushukie. Sisi ni wazima, nami leo najiona mzima kuliko umri wangu.

Jalada limefika Alhamisi. Nililisoma mwenyewe, kisha Bi Miwani akalisoma kwa sauti ndani ya maktaba, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Wasomaji wa magazeti wakasimama. Nakala ya ukurasa huo nimeipeleka nyumba ya uzazi. Wakunga walipiga vigelegele mpaka mama yako akawatuliza, kwa kuwa chumba cha pili kulikuwa na mwanamke aliyekaribia. Alijifungua adhuhuri, mtoto wa kike, na mama yako ndiye aliyempokea kwa mikono yake, ingawa hayumo tena kwenye zamu. Muuza matunda wa kona ananiita Baba Siyo. Nimemkemea mara mbili, lakini moyoni sijakasirika.

Jirani yetu, yule mfuasi wa wapinzani wa siku nyingi, amekuja na mkono ulionyooshwa. "Karibuni," akaniambia, "sasa binti yako ni wetu." Nikamwambia aketi kwanza.

Maana nimeusoma pia Muswada wa Maji ambao chama chako kitauleta mwezi ujao. Nimeusoma mara mbili, nikitafuta kasoro kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Ni muswada wa haki. Utafikisha mabomba mpaka kwenye mitaa ambayo wanawake wake wanapanga foleni tangu alfajiri. Jirani yangu anataka uukatae kwa sababu tu unaletwa na chama chako.

Basi siku hiyo karani akikuita, simama kwenye kiti chako cha nyuma, ukipe chama chako Ndiyo yake. Iseme kwa sauti ileile, ili mnadhimu ajue kwamba safari hii hakuna aliyeinama sikioni mwako kukuomba.

Baba yako