Bangili Tatu za Mama Noela wa Segese

Mwaka umetimia, Mama Noela, tangu bangili zako zinyamaze katikati ya mshono.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Noela alikuwa uani anamenya viazi vitamu, na wewe ulikuwa sebuleni kwenye cherehani. Sauti ya bangili zako tatu ilitoka dirishani kila ulipozungusha mpini. Nyumba yetu haikuwa na haja ya saa ya ukutani. Bangili zikianza, tulijua umeshakunywa chai. Zikisimama, tulijua uzi umekatika, na hapo tungesikia: "Noela, njoo unitungie uzi, macho yangu leo yamegoma."

Asubuhi ile zilisimama. Noela akafuta mikono kwenye kanga yake, akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Alipoingia alikukuta umeegemea meza, hereni masikioni, kilemba cha njano hakijasogea hata kidogo, mkono bado uko kwenye mpini. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hukuteseka. Uzi ulikuwa mzima.

Mwaka jana tulilia vya kutosha. Leo turuhusu tujivune kidogo.

Watu wa Segese walikujua kama yule mama asiyetoka. Tangu pikipiki ikuangushe kwenye barabara ya Bulyanhulu na nyonga kuvunjika, miaka kumi na moja ulitembea kwa magongo, na safari yako ilikuwa ya kutoka kitandani hadi sebuleni, na Jumapili kanisani. Ulipotoka hospitali, kitu cha kwanza ulichoulizia ni cherehani, lakini mguu haukuweza tena kukanyaga. Baba Noela, Masalu wako, alikwenda kwenye duara, lile shimo la wachimbaji wadogo alimotafuta dhahabu tangu ujana wake, akarudi na mpini wa winchi mbovu. Akaukata, akaunyoosha, akaufunga kwenye gurudumu la cherehani.

Ukajaribu. Mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto ukiongoza kitambaa, mshono ukatoka umepinda kama njia ya ng'ombe. Ulicheka mpaka ukaishika nyonga. Mwezi haukuisha, mishono yako ikawa imenyooka kuliko ya mafundi wanaokanyaga kwa miguu miwili.

Hapo ndipo ulipoanza kujipamba hasa. Wengine walidhani mama anayeshinda ndani atavaa chochote kilicho karibu. Wewe kila asubuhi ulioga, ukachagua hereni, ukafunga kilemba mbele ya kioo kile chenye ufa, ukageuza shingo huku na huku mpaka uridhike. Jumamosi ulikaa na limau na majivu, ukisugua shaba zako zote mpaka zing'ae.

Jirani yetu Zipora alikuwa haamini. Tunamkumbuka amesimama mlangoni, ndoo kichwani, akikuamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Noela. Leo kuna harusi wapi?"

"Mwangaluka mhola. Hakuna harusi. Naenda sebuleni."

"Sebuleni kuna nani?"

"Nikifika nitakuwepo mimi."

Zipora alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye ndoo. "Wewe mwanamke! Unajipamba na hutoki! Nani anakuona?"

"Nashinda na mwili huu kutwa nzima, dada. Nani ananiona kuliko mimi?"

Lakini katika mji wa dhahabu kitu kinachong'aa hakipiti bila maneno. Ikasemwa sokoni kwamba mke wa Masalu hatoki kwa sababu analinda mali. Siku moja akaja broka, mmoja wa wale wanaonunua dhahabu kwa wachimbaji, viatu vyake vimejaa vumbi la mgodini. Akakusalimia kwa adabu zote, akaketi, macho hayabanduki masikioni mwako. Mwisho akashindwa kuvumilia, akaomba azipime hereni. Ukazivua ukampa. Akatoa jiwe lake jeusi mfukoni, akasugua, akatazama, akasugua tena.

"Sugua tu, baba," ulimwambia. "Ukiikuta dhahabu humo, nusu yako, nusu yangu."

Aliondoka anacheka, na wiki iliyofuata mkewe alileta kitambaa ashonewe gauni.

Baba Noela hakucheka siku ile. Alikaa kwenye kizingiti, kofia mkononi, akasema, "Nisamehe, Mama Noela. Nimechimba miaka yote hii na masikio yako yana shaba."

"Na huu mpini je?" ukamwuliza, ukauzungusha mara moja, bangili zikalia. "Dhahabu ingenizungushia cherehani?"

Hajayasahau maneno hayo. Huyarudia hata kwa watu asiowajua.

Mishono yako inatembea Segese nzima. Siku ya gulio mtu anaweza kusimama pembeni akahesabu vilemba vyako vikipita, kwa maana pindo zako zilikuwa na mshono mmoja wa ziada kwenye kona, ili kitambaa kikivutwa kisichanike. Sare za kwaya ulizishona zote kwa mkono mmoja wa kuzungusha. Kila mwanakwaya ulimkalisha kwenye kiti chako mbele ya kioo, ukamwambia, "Jitazame kwanza, ndipo uniambie kama inabana."

Na lilikuwepo lile kopo la maziwa ya unga. Ndani yake uliweka hereni na shanga za kuazimisha. Mama yeyote wa mtaa wetu akijifungua, au akivunjika mguu, au akifiwa akawa hatoki, ulimtuma Noela na mtandio ulioushona kwa vipande vya vitambaa, pamoja na hereni kutoka kwenye kopo, azivae mpaka apate nguvu. "Mwambie ni za kuvaa ndani," ulisema. "Asiziweke kabatini, zitanuna." Noela alizifikisha, akasema ujumbe wako kwa sauti ndogo huku anaangalia chini, akakimbia kurudi.

Unamjua Noela wako. Shikamoo yake husikika nusu. Amemaliza chuo cha ualimu Shinyanga, cheti anacho, na anasubiri ajira kama wenzake wengi. Mwaka huu wote alipangusa cherehani yako kila asubuhi, saa ileile ulipokuwa unaanza. Alipangusa meza, gurudumu na mpini. Kitambaa cha kijani ulichokiacha chini ya sindano hakukigusa. Ulikuwa mtandio, pindo moja limekamilika, la pili limefika nusu. Hakuna mtu humu ndani aliyejua unamshonea nani, na hakuna aliyethubutu kuinua kile kichuma kinachoukandamiza.

Akiwa peke yake, Noela alikaa kwenye mkeka karibu na cherehani akashona vipande kwa sindano ya mkono. Mtu akiingia, alivificha chini ya mto. Alishasikia wanavyosema watu: kasoma mpaka chuo, halafu akae nyumbani ashone? Baba mkubwa Mayala alimwuliza zaidi ya mara tatu, "Mwanangu, katika vitu vya mama yako, wewe unataka nini?" Kila mara alijibu, "Chochote tu, baba mkubwa."

Jumamosi iliyopita tulikusanyika kwa ibada ya mwaka. Tulikuwa tumekubaliana siku ya mazishi kwamba mwaka ukitimia vitu vyako vigawiwe, maana hukupenda kitu kikae bila kutumika. Ungeona, Mama Noela! Kabla ya chakula wanawake walianza kuingia mmoja mmoja, wakirudisha hereni walizokuwa wameazima ulipokuwa hai. Kopo likajaa, hakuna hata moja iliyopotea. Wa mwisho kuingia alikuwa Zipora. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa zile za shanga za buluu.

"Nawe uliazima?" akaulizwa. "Si ulikuwa unamcheka?"

"Nilikuwa namcheka mlangoni," Zipora akasema. "Nikifika kwangu nazivaa, nafunga mlango, najitazama. Msinitazame hivyo."

Tulicheka, na wengine tukafuta machozi.

Mdogo wako Vumilia, aliyekuja kutoka Ushetu, alipewa gauni lako la Jumapili. Baba Noela aliomba kile kilemba cha njano tu. Noela alipoulizwa alisema tena, "Chochote."

Baba mkubwa akakohoa. "Basi imebaki cherehani. Fundi mmoja wa sokoni ameiomba, na ni mtu mzuri. Noela ni msomi, ataifanyia nini? Guta limeshafika."

Kweli, guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lilikuwa mlangoni, na mwenye guta ameshatandika gunia ili meza isikwaruzike. Noela alikuwa amesimama karibu na mlango wa uani, sinia la vikombe mikononi. Baba mkubwa akanyoosha mkono autoe ule mtandio wa kijani chini ya sindano.

"Ngoja kwanza, baba."

Alikuwa Gulnar, rafiki yako mwenye duka la vitambaa Kahama, yule uliyezungumza naye kwa simu kila Alhamisi, mkibishana kuhusu rangi kama watu wanaogombania shamba. Alikuwa ametulia kwenye kona tangu asubuhi.

"Hicho kitambaa nilikituma mimi," Gulnar akasema, akikutaja kwa jina lako. "Mbuke aliniambia, nitafutie kijani kisichochuja, na usinipe kile chepesi unachowauzia watu usiowapenda. Nikamwuliza, cha nani? Akasema ni mtandio wa Noela, wa siku atakayoanza kazi."

Noela aliutazama mtandio, akautazama mpini, akamtazama baba yake, ambaye alikuwa amekishika kilemba cha njano kifuani.

"Naanza leo," akasema.

"Umesemaje?" baba mkubwa akauliza. Watu wote wakageuka, na hicho ndicho kitu anachokiogopa kuliko vyote.

Noela akaliweka sinia chini. "Nimesema naanza leo, baba mkubwa. Mama alinishonea mtandio wa siku nitakayoanza kazi. Kazi yangu ni hii. Ajira ya ualimu ikija nitafundisha, nikirudi nitashona. Lakini cherehani haitoki humu ndani."

Hatukuwahi kusikia maneno mengi hivyo yakitoka kinywani mwake kwa mara moja.

"Mwaka mzima nakuuliza!" baba mkubwa akapaza sauti, mikono juu. "Mwaka mzima unaniambia chochote!"

"Nilikuwa naitaka hii."

Zipora akapiga vigelegele. Baba Noela alitoka nje, tukamsikia akimwambia mwenye guta, "Rudi salama, kijana wangu. Kumbe fundi wa nyumba hii yupo." Akamletea chai, asije akaondoka bure.

Vumilia akazitoa bangili zako tatu kwenye kitambaa zilimohifadhiwa, akamvisha Noela. Mkono wake ni mwembamba kuliko wako, zikateleza karibu na kiwiko. Akaketi kwenye kiti chako. Akatunga uzi mwenyewe, bila kuitwa. Akaushika mpini.

Mshono aliomalizia, Mama Noela, umepinda kama njia ya ng'ombe. Nusu ya pindo ni yako, imenyooka, na nusu ni yake, na mahali mlipokutana panaonekana wazi. Gulnar alisema aufumue arudie. Noela akakataa. Aliufunga mtandio kichwani hivyohivyo, akasogea kwenye kioo chenye ufa, akageuza shingo huku na huku mpaka akaridhika. Halafu akaigusa cherehani, akaiambia "Wabeja," kama ulivyokuwa ukiishukuru kila ulipomaliza nguo.

Sasa asubuhi bangili zinasikika tena dirishani. Bado zinasimamasimama. Kopo liko mahali pake, na juzi hereni za buluu zimetoka, zimekwenda kwa Aneth wa mtaa wa pili aliyejifungua mapacha. Noela alizipeleka mwenyewe. Safari hii hakukimbia kurudi. Alikaa, akamfunga Aneth mtandio, akamshikia kioo.

Unakumbukwa na mumeo Masalu, ambaye kilemba cha njano amekitundika upande wako wa kitanda. Na mdogo wako Vumilia na watoto wake wa Ushetu. Na shemeji yako Mayala, ambaye anasema hatauliza tena swali mara tatu. Na Gulnar wa Kahama, ambaye kila Alhamisi mkono bado humwenda kwenye simu. Na Zipora, ambaye sasa anavaa hereni hadi kisimani. Na wanakwaya wote uliowavika. Siku hazitakufuta kwetu.

Na Noela, binti yako, ameomba neno la mwisho liwe lake, na lisomwe kwa sauti:

"Mama, kila uliponiita nikutungie uzi nilitaka kukuambia uniachie nami nishone. Niliona haya, nikatunga nikaondoka. Naipenda kazi yako. Nilikuwa naipenda tangu zamani."