Rubisi ya Posa Haingoji Meli ya Jumanne

Dada Koleta wa Ijumbi,

Pokea salamu za mtu aliyekwisha kuiona Kampala, na kesho ataishangaza Mwanza!

Pale Bukoba nimekuta meli ya leo imejaa wajumbe wanaokwenda kujadili usawa. Mmoja, mwenye kitambi, akanipiga begani kwenye dirisha la tiketi: "Vumilia, ndugu. Jumanne kuna nafasi." Jumanne! Likizo yangu inaisha Jumatatu, na rubisi ya posa, pombe ya ndizi aliyoikanyaga shemeji kwa miguu yake, ingekuwa siki. Nani angempa mdogo wetu Deo mke kwa pombe iliyochacha? Karani, Mhaya mwenzetu, alipoona kibuyu kimezibwa kwa jani la mgomba akaelewa kuwa ni cha posa. Nikapewa sitaha, katikati ya mbuzi. Watu wa usawa wako kabini.

Sasa hivi yule mjumbe ameshuka, pua mbele. "Ndugu yangu, funda moja tu!"

Nikakikumbatia kibuyu cha wakwe. "Vumilia, ndugu mjumbe. Jumanne kuna nafasi."

Lakini mimi si mchoyo. Nimempa kahawa ya kutafuna, naye amekaa hapa anatafuna kwa huzuni, mbuzi wakimtazama.

Wakumbatie watoto. Waambie mjomba ndiye nahodha.

Kaka yako,
Felisiani