Wimbo wa Tatu Unaumiza Mgongo

Alhamisi, Septemba 1997. Kathonzweni.

Wimbo wa tatu unaumiza mgongo. Amesema hivyo leo Mama Syombua, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha kina mama wanaochimbiana mitaro ya shamba kwa zamu. Nilikwenda kuwauliza, kwa ajili ya makala yangu ya gazeti, maoni yao kuhusu kanda mpya ya muziki wa kufoka ya Mutua, kijana wa hapa aliyeiimba na kuitengeneza mwenyewe. Kumbe hawaisikilizi. Wanachimba nayo.

"Wa kwanza ni wa udongo laini," akasema. "Wa pili ni wa mawe. Wa tatu, hata maksai angeomba maji. Aupunguze mwendo."

"Na maneno yake?"

"Maneno gani?"

Nilimpelekea Mutua maoni hayo. Akiupunguza, vijana wenzake watamcheka. Asipoupunguza, kina mama watairudisha kanda, na hana wasikilizaji wengine. Sijui nitaliandikaje jambo hili bila kumfanya kichekesho.

Mwishowe akasema, "Mzee, mwendo uko sawa. Hao ndio hawajui kushika jembe."

Nimewafikishia, nao wamemtaka aje awaonyeshe.

Jumamosi saa moja asubuhi atachimba mwenyewe, wimbo wa tatu wote, mbele ya mwethya. Mama Syombua ameshachagua mahali. Ni pa mawe.