Viazi vya Ubaruku na Kadi za Kalinga

Mbeya. Ijumaa, Novemba 1976

Asubuhi ukungu, mchana mawingu mazito, na sasa mvua ya kwanza inapiga bati. Inyeshe tu. Leo sina ugomvi nayo.

Wiki iliyopita nilikuwa naiomba isije.

Kazi yangu ni kuandika programu ya kompyuta inayopanga mbegu gani ziende ghala gani, kabla malori hayajaondoka. Programu yenyewe ni bunda la kadi ngumu zilizotobolewa matundu, kila kadi agizo moja. Kompyuta iko Dar es Salaam. Waandishi tuko wawili: mimi hapa Mbeya, na Ndugu Luka Kalinga kule Iringa. Kila mmoja alikuwa na bunda lake kabatini, na kila mmoja alilirekebisha alivyoona inafaa.

Balaa lilianzia hapo.

Jaribio la mwisho lilirudi kutoka Dar likiwa limeipangia Ubaruku mbegu za viazi mviringo. Ubaruku! Kwenye majaruba ya mpunga, na joto lote lile la Usangu! Kosa hilo nilishalisahihisha zamani kwenye bunda langu, ila safari hii Dar walipokea bunda la Kalinga. Nikampigia simu, nikamwambia maneno ambayo hayafai kutoka kwa mtu anayeimba kwaya.

Jumatatu ya wiki iliyopita Kalinga akashuka kwenye basi, akaingia ofisini kwangu kalikumbatia bunda lake kama mtoto mchanga.

"Kamwene, dada Tuse," akasalimia kwa lugha ya kwao.

"Ugonile," nikajibu kwa lugha ya kwetu, macho yangu mezani.

Nilikuwa nimekwisha kuamua: lake litupwe, langu libaki. Kumbe naye alikuja na nia hiyo hiyo. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Halafu akazipekua kadi zangu.

"Dada, kwenye viazi uko sahihi. Lakini humu mwako hakuna kijiji hata kimoja cha wale waliohamia Usangu juzi juzi. Hao watapanda nini?"

Nikatazama. Kweli. Watu wametoka kaskazini na ng'ombe wao, wamejenga, wamelima, wanasubiri mbegu, na kwenye programu yangu hawapo.

Niliona aibu.

Tukaunganisha meza mbili, kadi zake huku, zangu kule, tukawa tunazisoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Zilizofanana tulichukua moja. Zilizotofautiana tuliulizana kwa nini. Kuna sehemu ambayo wote tulikuwa tumeibadilisha, kila mtu kivyake. Hapo tulikwama, tukanuniana, tukaenda kula, tukarudi. Mwishowe tulitupa ya kwake na ya kwangu, tukaandika nyingine pamoja. Ni nzuri kuliko ile yangu. Hili naliandika hapa kwa sababu yeye sitamwambia.

Tulikubaliana pia kwamba tangu sasa bunda ni moja. Anayetaka kugusa kadi amwambie mwenzake kwanza, na aeleze sababu.

Bunda likapelekwa Dar. Mimi nikabaki kuchungulia mawingu dirishani kila nikipumua, maana mvua ikitangulia malori yatakwama.

Leo majibu yamefika. Ubaruku, mpunga. Vijiji vipya vyote vimo. Viazi vimebaki Uyole kwenye baridi yake. Malori yameondoka barabara ikiwa bado kavu, nami nikasimama getini kuyapungia mkono kama mwehu, mpaka mlinzi akaniuliza nani anasafiri.

Kisha nikapiga simu Iringa.

"Viazi vipi?" Kalinga akauliza, hata salamu hakuna.

"Vimepata akili."

Alicheka hadi mtu mwingine ofisini kwao akaja kuuliza kuna nini.

Muda wote huu nilidhani mwenzangu ananiharibia kazi. Kumbe nusu ya kazi alikuwa nayo yeye.

Kabla ya kukata simu amesema ana wazo kuhusu mgawo wa mbolea. Mimi pia ninalo, na haliendani na lake hata kidogo. Amesema atakuja tena mwezi ujao.

Sijui kama mwezi huo utafika upesi. Nina hamu ya kubishana.