Usukani wa Pijo ya Papa

Nakivale, tarehe 9 Juni 2013

Yaya wangu mpendwa, kaka Anselme,

Pokea salamu za mdogo wako Perpétue na za wote wanaokukumbuka huku. Habari za Montréal? Shemeji Mukandoli je, mgongo umemwachia? Na watoto wanaendeleaje na baridi? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua haikutudanganya mwaka huu, mahindi yamebeba, na korali yetu imepata ngoma mpya inayowaamsha hata waliozoea kusinzia wakati wa mahubiri. Duka langu la vitenge linakwenda, na Mbarara nafika mara mbili kwa juma.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza sentensi ya pili, nakujua. Soma mpaka mwisho, tafadhali, halafu ndipo ukasirike.

Nimefurahi sana kusikia kwamba mtakuja Agosti. Nimesikia pia habari za wale rafiki zako wenye magari ya zamani, waliokuambia kwamba Pijo 504 kupe, ile ya milango miwili, isiyoguswa ni kitu adimu. Unataka kuipakia kwenye kontena, ikae kwenu ndani ya gereji yenye joto, isinyeshewe tena wala isiendeshwe, ili watoto waone gari la babu yao kama lilivyokuwa siku tuliyotoka Uvira. Nimekaa na maneno hayo wiki tatu.

Hata mimi nakumbuka, yaya. Nakumbuka siku Papa alipolinunua kwa yule Mgriki aliyekuwa akifunga duka arudi kwao. Alikuja nalo akipiga honi toka kona ya kanisa, gari la spoti, milango miwili, rangi ya samawati, na Mama akauliza ni ng'ombe wangapi wamekwenda kwa gari lisiloweza kubeba hata ndama mmoja. Papa alicheka tu. Nakumbuka mwaka 1996, mimi nawe tumebanwa nyuma pamoja na magodoro, tukapita Bujumbura na Kigali mpaka Katuna mpakani mwa Uganda, na Papa akimwambia kila askari aliyetaka kupekua: "Patron, ushike pole pole, hii gari iko na roho."

Wewe ulipoondoka mwaka 2001, Mama tulikuwa tumeshamzika. Papa alilifunika gari kwa turubai la msaada. Kila Jumamosi alilifunua, akaliosha kwa beseni, akaliwasha, akaenda nalo mpaka kisimani na kurudi. Nilikuwa nimeshajifunza kuendesha kwenye pikapu ya kanisa, nikamwomba aniachie hata mara moja. Alinijibu: "Hii iko ya yaya yako. Weye utaichungaka tu." Basi nikachunga. Alipofariki mwaka 2007, wewe nawe ukaniambia kwenye simu nisiguse kitu, hata namba za Zaire zibaki palepale.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Acha nikuambie.

Mwezi mmoja baada ya matanga nililiwasha, niende kisimani kama alivyofanya Papa. Nikafika kisimani, nikapitiliza. Nilisimama Rwekubo, nikanunua soda, nikainywa nimeegemea mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, yaya, na sikuwa nimewahi kwenda mahali popote kwa sababu tu nimetaka kwenda. Toka tuko Uvira, kila safari yangu ilikuwa ya kukimbia, ya kwenda hospitali, au ya kufuata karatasi za wakimbizi. Kesho yake nilikwenda tena.

Mwaka 2009, nikitoka Mbarara na mzigo wa vitenge, nilisahau kutazama maji, injini ikachemka mlimani ikafa. Kosa ni langu. Fundi mmoja wa Biharwe anayeitwa Mbabazi aliitoa akaweka ya Toyota Corona. Namba nazo ziliondoka baada ya polisi kunisimamisha na kuniuliza hii Zaire ni wapi, maana yeye anajua hiyo nchi ilikwisha zamani. Ilinibidi nilisajili gari upya, na namba ni za Uganda sasa.

Kama umesimama, kaa chini, maana kubwa inakuja. Unajua kwetu usukani ni kushoto, na huku wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Nikitaka kulipita lori la matoke, sikuona chochote mbele, kwa hiyo rafiki yangu wa korali, Bénédicte, alikaa kulia akawa macho yangu. Siku moja karibu na Biharwe nilimuuliza kama barabara ni nyeupe, yaani hakuna gari linalokuja. Nikauliza tena. Kumtazama, amefumba macho anaomba. Tulikosakosa kuingia chini ya lori la mafuta. Mbabazi aliposikia akaniambia: "Madamu, hapo wewe nakaa upande ya kufa. Lete gari, mimi nahamisha hii sitelingi." Na kweli akauhamisha usukani mpaka kulia.

Utasema mbona picha zinaonyesha vingine. Picha zote nilizokutumia zilipigwa siku moja mwaka 2008 na kijana wa studio, Patient. Nilikuwa nazidondosha moja moja kila ulipouliza. Ile uliyoitundika sebuleni ni ya gari ambalo halipo tena. Kwa uongo huo nimetubu mbele ya Mungu, na mbele yako naomba msamaha.

Lakini kwa gari siombi. Ningeweza kujificha nyuma ya lori la mafuta, niseme ni usalama tu. Ukweli ni kwamba kulia ndipo alipokaa Mama toka Uvira mpaka Katuna, sufuria mapajani, na njia nzima hakuulizwa tunakwenda wapi. Siku ya kwanza nilipokaa pale usukani uko mikononi mwangu, nililia. Kisha nikacheka peke yangu, nikaenda mpaka Endiinzi kutazama ng'ombe za watu, bila shughuli yoyote. Sijawahi kumpenda Mama kama siku ile. Marafiki zako hawatalitaka tena gari hili, hilo nalijua. Huenda utasema nililiharibu makusudi lisiondoke. Nimeuliza moyo wangu, na haujanipa jibu la kueleweka. Kinachoniuma ni watoto, kwa sababu ulichowaahidi mimi ndiye niliyekiondoa.

Mkija, nitawapokea Mbarara mwenyewe. Shemeji na watoto watabanwa nyuma. Wewe utakaa mbele kushoto, kwenye kiti cha Papa, na usukani hutaukuta. Weka mikono mapajani, yaya. Mimi nitakuuliza unataka twende wapi.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto kwa niaba yangu. Bénédicte anakusalimu. Bwana awafunike mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako,
Perpétue Nyirabizimana