Mikia ya Nyota kwenye Picha Yako ya Mwisho

Mama Ndunge,

Ile filamu iliyobaki ndani ya kamera yetu nimeipeleka kuoshwa. Ndunge hajui kwamba ilikuwepo. Aliponiuliza baada ya mazishi yako nilimwambia binti yetu kwamba kamera ilikuwa tupu. Nilitaka kubaki na usiku wetu mmoja ambao haujaisha. Lakini mwenye studio mjini ameleta kompyuta na mwezi ujao haoshi tena filamu, na kifua changu nacho hakinipi nafasi ya kungoja.

Alinirudishia kwa huruma. "Pole mzee, picha zimeungua. Hakuna mtu hapa, ni giza tu." Nikamwambia anichapie hilo giza.

Limetoka, mke wangu. Lile wingu la gesi chini ya nyota tatu za mshipi wa Orioni limetoka jekundu, na mabawa yake yote mawili. Leo nisingelipata vile. Mwanga wa mji na wa njia panda ya Kyumbi umepanda hadi huku kwetu Masii, na upande wa magharibi anga limekuwa kama maji yaliyokwisha kunawiwa.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza na darubini, nyota zote zikitoka kama mistari ya mvua? Mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nimeinamisha mhimili wa darubini kama kijitabu kilivyosema, na kijitabu kiliandikiwa watu wa Ulaya. Hapa kwetu karibu na ikweta mhimili unatakiwa kulala. Tulipoweka matofali chini ya mguu mmoja ulicheka: "Baba Ndunge, darubini yako imelewa."

Kuzungusha kifundo cha kusogeza darubini, kamera ikiwa juu yake, ilikuwa kazi yako, maana mikono yangu hutetemeka. Jicho kwenye kioo, nyota moja katikati ya msalaba uliochorwa humo, unaifuata polepole jinsi anga linavyozunguka. Tochi ingeharibu picha, kwa hiyo muda uliupima kwa rozari. Mafungu matano, kisha unasema, "Amina, funga." Hukuwahi kuiachia nyota.

Ila usiku ule wa mwisho uliiachia. Kila nyota kwenye picha ni nukta safi yenye mkia mfupi, na mikia yote imeelekea upande mmoja. Nimeipima kwa rula. Ni muda wa Salamu Maria mbili, labda tatu. Kisha ukaishika tena, ukamaliza mafungu, ukasema "Amina, funga" kama kawaida. Mwezi uliofuata daktari alitutajia ugonjwa wako.

Je, maumivu yalikuwa yameanza, nami nimejifunika blanketi karibu nawe nakunywa chai, sioni? Au ulichoka kuchungulia tundu, ukainua uso ulitazame anga lote kwa macho yako? Nimeigeuza picha kila upande. Mikia inaniambia ni muda gani. Haisemi kwa nini.

Padri alipoleta Komunyo aliniuliza kama niko tayari kwa safari ya mwisho, nikasema niko tayari. Ukweli nakuambia wewe: sina amani, nina hamu ya kujua. Hofu imebaki kidogo sana, hamu imekalia nafasi yake.

Ndunge nitamwambia leo, na picha nitampa yeye, mikia na yote.

Lala salama, mwenzangu. Nikikukuta nitakuuliza hilo kabla ya jambo lingine lolote. Kama uliumwa, usinifiche kwa kunihurumia. Nami naahidi kukusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza, kitu ambacho katika ndoa yetu yote hukukipata kwangu.

Baba Ndunge